Mashine Inafuliwa

Jumatatu

Mama Watoto amefungua mlango wa mashine ya kufulia, akachungulia, akaufunga. Baada ya chai ndipo aliposema, "Mwalimu, njoo uone." Siku za kawaida mimi ni Baba Watoto. Nikishakuwa Mwalimu, ujue kesi imefika ofisini.

Nimeona. Ndani ya pipa kuna michirizi ya kahawia. Kwenye mpira wa mlango, ukiufunua kwa kidole, kuna madoa meusi ya kuvu yaliyojipanga duara zima. Droo ya sabuni ina utelezi wa kijivu ambao sikuugusa. Shati langu jeupe liliingia jana likiwa na doa moja la chai. Limetoka na lile la chai pamoja na mengine ambayo si yake.

Mashine hii ilinunuliwa zamu ya Mama Watoto ilipofika katika chama. Siku ilipoletwa, mama fua aliambiwa atapigiwa simu. Hajapigiwa.

Nilifundisha kemia hapa Mumbuni mpaka nikastaafu, na tangu nistaafu hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuniuliza swali la kemia. Leo pia hakuna aliyeuliza. Nimeeleza hivyo hivyo. Maji tunayotumia ni ya kisima kirefu cha jirani, maji ya chumvi kama kila mtu anavyoyaita huku, ingawa chumvi ya mezani siyo inayotusumbua. Yamepita kwenye nyufa za gneiss, mwamba wa kale uliobeba vilima vyetu mpaka Iveti, na humo yameokota kalsiamu, magnesiamu na chuma. Yakipashwa moto, kalsiamu inaganda kuwa chokaa. Yakikutana na hewa, chuma kinakuwa kutu. Na mashine ya kufulia kazi yake ni kupasha maji moto na kuyapigapiga hewani. "Kwa hiyo haijaharibika," nikahitimisha. "Inafanya kazi barabara."

Mama Watoto amesema ataita fundi.

Jumanne

Fundi amekuja na bisibisi na koleo. Nikamwonyesha kifuniko cha chujio, kule chini upande wa kulia. Alikifungua kabla sijamaliza kumwambia kwamba maji yaliyobaki ndani hutolewa kwanza kwa kile kimpira cha pembeni. Maji yakatoka yote kwa mpigo. Zulia lilikuwa limefuliwa juzi, kwa mkono.

Kwenye chujio kulikuwa na sarafu ya shilingi kumi, pini za nywele zilizokwisha kuoza kwa kutu, nati ya pikipiki, na karatasi iliyokuwa orodha ya nyimbo za kwaya. Nati ni ya shemeji, ndugu yake Mama Watoto, anayekaa kwetu kwa muda. Alipoonyeshwa aliitazama kwa makini, akauliza nani ameitoa kwenye pikipiki yake.

Fundi akachungulia ndani kwa tochi ya simu. "Mzee," akasema, "shida hapa ni maji."

Mama Watoto akatikisa kichwa kwa heshima. Shemeji akasema alikuwa anashuku hivyo. Fundi akaendelea kusema kwamba koili ya kuchemshia imevaa koti la chokaa, na koti hilo linazuia joto, ndiyo maana tokeni zinaisha haraka. Ni kweli kabisa. Amelipwa kwa kusema nilichokisema jana bure. Ile sarafu ya shilingi kumi imeingizwa kwenye hesabu.

Jumatano

Habari imeenea ploti nzima. Kufikia saa nne asubuhi tulikuwa na washauri watatu mlangoni. Jirani wa upande wa juu amesema siki. Kijana wa bodaboda amesema soda nyeusi, kwamba yeye huitumia kutoa kutu kwenye mnyororo. Mwaitu, mama yangu, aliyeshuka kutoka Kathiani kwa ajili ya kliniki ya macho, amesema ukwaju.

Nimewaambia wote kwamba wanasema jambo moja. Siki ina asidi ya asetiki, soda nyeusi ina asidi ya fosforiki, ukwaju una asidi ya tartariki. Asidi ikikuta chokaa, chokaa inayeyuka na kutoa hewa ya kaboni, ndiyo yale mapovu madogo mnayoyaona. Ikikuta kutu inaiachisha chuma. Wameniambia asante, kisha wakaendelea kubishana ni ipi kati ya hizo tatu.

Soda imeshinda, kwa sababu shemeji alikuwa nayo tayari mkononi. Ameimimina ndani ya pipa, akaiacha ikae.

Jumatano, jioni

Sisimizi. Wameingia kwa msururu kupitia tundu la mpira wa maji machafu, wakapanda mpaka kwenye pipa. Kutu imepungua kidogo, nakiri hilo kwa haki ya soda. Sukari nayo ndiyo iliyobaki.

Alhamisi

Siki. Nimesimamia mwenyewe. Mashine ikiwa tupu, vikombe viwili vya siki nyeupe kwenye pipa, maji moto, mzunguko mrefu. Nimeagiza kwamba jambo hili lisifanywe kila wiki, maana siki ya mara kwa mara huuchosha mpira wa mlango.

Tupu maana yake tupu. Mama Watoto ameona ni hasara kuchemsha maji hayo yote bila kazi, akaongeza suruali yangu ya kijivu.

Umeme umepotea mashine ikiwa katikati. Mlango wa mashine hii hujifunga wenyewe ikiwa na maji, na haufunguki mpaka umeme urudi. Saa nane nilikuwa na kikao cha kamati ya mchango wa karo, kule karibu na barabara ya lami. Suruali nyingine zilikuwa kwenye karai, zikisubiri zamu. Nimekwenda na suruali ya mazoezi ya shemeji, yenye mistari mitatu kila upande na jina la klabu ya Uingereza kwenye paja.

Mwenyekiti ameniuliza kama ninatoka mazoezini. Nimemjibu kwamba ninatoka nyumbani. Katibu ameandika kwenye kumbukumbu kwamba kikao kilifunguliwa kwa maombi.

Umeme umerudi saa tatu usiku. Suruali imetoka ikinuka kachumbari.

Ijumaa

Mwaitu ameamka kabla yetu na kusugua pipa kwa ukwaju na jivu. Ni njia nzuri. Watu wa pwani husafisha shaba kwa ukwaju, na sinia zao hung'aa. Pipa letu si la shaba. Pale palipokuwa na kutu sasa pana ukwaju, na rangi ni ileile.

"Limeng'aa," Mwaitu akasema. Macho yake ndiyo yaliyomleta mjini, kwa hiyo sikumpinga.

Jumamosi

Malori ya mchanga yamepita tangu alfajiri, na vumbi limetua juu ya kila kitu kilichoanikwa. Nimesimama kwenye varanda nikiwa na shati mkono mmoja na kitambaa cha kupangusia pipa mkono wa pili, nikavilinganisha. Vumbi la shati na kutu ya pipa ni ndugu wa damu. Udongo wa hapa ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma, na kutu ni oksidi ya chuma. Yaani kitu tunachohangaika kukitoa ndani ya mashine tangu Jumatatu ni Mumbuni yenyewe.

Nimemweleza Mama Watoto. Ameniuliza kama nimemaliza na hicho kitambaa.

Mchana tumehamia kwenye pasi. Kesho kuna ibada ya shukrani na kwaya itavaa majoho mapya, ya samawati yenye kola nyeupe. Joho la Mama Watoto lilikuwa limebaki kola tu. Pasi yetu ni ya mvuke. Kitangi chake kidogo kilipaswa kujazwa maji ya mvua au ya chupa. Shemeji alikijaza ya bombani ili kusaidia. Pasi ilipopata moto ikakohoa, ikatema matone ya kahawia kwenye kola, moja upande wa kushoto na mengine nisingependa kuyahesabu upande wa kulia.

Isitoshe, uso wa pasi ulikuwa na kitu cheusi kilichogandamana. Ni jezi ya shemeji. Nguo ya poliesta haipigwi pasi iliyo moto wa pamba, inayeyuka.

Jumamosi, usiku

Mwanakwaya mwenzake amempigia simu Mama Watoto na kumpa dawa ya uso wa pasi: Panadol. Pasi ipashwe moto mpaka mwisho, kidonge kishikwe kwa kibanio, kisuguliwe juu ya lile jeusi. Mama Watoto alinitazama kana kwamba nitakataa. Sikukataa. Parasetamoli huyeyuka karibu na nyuzi 169 za Selsiasi, na pasi ikiwekwa kwenye pamba hufika karibu nyuzi 200. Kidonge kikiyeyuka kinalainisha uchafu, nao unafutika kwa kitambaa kikuukuu. Madirisha yafunguliwe, kwa sababu ule moshi si wa kuvuta.

Imefanya kazi. Tumetumia pakiti nzima, na uso wa pasi sasa unaonyesha sura yangu.

Saa tano usiku kichwa kimeanza kuniuma kwa sababu ya ule moshi. Hakuna kidonge ndani ya nyumba. Duka la dawa limefungwa.

Jumapili

Kutu ya kwenye kola ilikuwa bado. Hapo nilisimama imara: dawa ya kutu kwenye kitambaa cheupe ni limau na chumvi, kisha jua. Asidi ya limau inakikamata chuma na kukifanya kiyeyuke kwenye maji. Nimekatazwa mara nyingi kutoa hotuba kabla ya kanisa, kwa hiyo nimekamua limau kimya kimya, nikanyunyiza chumvi, nikatandaza joho juu ya ua wa michongoma penye jua la asubuhi. Nilikadiria saa moja.

Mbuzi wa jirani hupenda chumvi. Nilipotoka kuangalia, alikuwa amepanda kwa miguu ya mbele na anatafuna akitazama upande mwingine.

Doa halipo. Kola pia haipo, upande wa kulia. Mama Watoto ameimba akiwa amesimama pembeni kabisa, mkono shavuni, na waumini wengi wamemsifu kwamba ameguswa na wimbo.

Jumatatu

Nimekwenda mjini. Nimenunua asidi ya sitriki, ya unga, kwenye duka la vifaa vya waokaji mikate, karibu na soko. Muuzaji ameniuliza ninaoka nini. Nimemwambia mashine ya kufulia. Amenipa risiti bila kuuliza tena.

Hii ndiyo dawa yenyewe kwa chokaa: haina harufu, haina sukari, haiachi rangi. Unga kidogo kwenye pipa tupu, maji ya moto kabisa, basi. Jioni nimeiendesha, na mashine ikatema vipande vyeupe vya chokaa kwenye mfereji wa nje kwa sauti ya changarawe. Mjukuu ameviokota na kuniuliza, "Umau, haya ni meno ya nani?"

Nimemwambia ni ya mashine. Ndilo jibu fupi.

Jumanne

Kuvu ya kwenye mpira wa mlango huota kwa sababu mlango unafungwa ndani kukiwa na unyevu. Nimebandika karatasi ukutani: MLANGO UACHWE WAZI BAADA YA KUFUA. Nimetia sahihi, kwa mazoea ya kazini.

Jumatano

Mlango umeachwa wazi. Kuku wa Mama Watoto, yule mwekundu asiyekubali kiota, ametaga humo ndani. Shemeji hakuchungulia. Ametia shuka zake na sabuni, akabonyeza nyuzi 60.

Yai, damu na maziwa ni madoa ya protini. Huanzwa kwa maji baridi, kwa sababu protini ikipata moto inaganda na kushikamana na nyuzi za kitambaa. Ndicho kinachotokea kwenye kikaango kila asubuhi na hakuna anayeshangaa. Shuka za shemeji zimetoka na mayai ya kukaanga yasiyobanduka. Isitoshe, ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo ileile chokaa niliyoitoa juzi. Kuku ameirudisha.

Shemeji ameniuliza kama shuka zinaweza kwenda kwa mama fua. Mama Watoto akasema mama fua hatapigiwa simu na mtu yeyote wa nyumba hii.

Alhamisi

Siku hii ningependa kuiandika kwa utaratibu.

Jana usiku, kwa ajili ya utando wa yai, niliacha siki kidogo kwenye pipa ilale humo. Nilisema mezani, kwa sauti, kila mtu akiwepo. Saa kumi na moja asubuhi shemeji ameamka akiwa na nia njema. Ameona michirizi ya kahawia iliyobaki, akachukua chupa ya Jik chini ya sinki, akaimimina juu ya siki.

Mambo mawili. La kwanza, Jik haitoi kutu. Inaongeza oksijeni kwenye chuma kilichoyeyuka na kukigandisha kuwa kutu zaidi, kwa hiyo doa la kahawia linakoza. La pili ni kwamba ndani ya Jik kuna hipokloriti ya sodiamu, nayo ikikutana na asidi, iwe siki, limau, ukwaju au sitriki, hutoa gesi ya klorini.

Nilinusa nikiwa kitandani. Nikapiga kelele watu watoke nje, madirisha yaachwe wazi, na mtu asirudi kuongeza maji wala kitu chochote. Wote tukatoka: Mwaitu na shuka yake, Mama Watoto na mjukuu, shemeji akikohoa, na kuku ambaye kwa mara ya kwanza hakubishana. Tukasimama chini ya mwembe kwenye giza.

Jirani wa upande wa juu amekuja na rungu na tochi, akidhani ni wezi. Nikamtuliza. Nikamweleza kwamba ni gesi ya klorini, ileile ambayo Wajerumani waliifungulia kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915.

Akamulika dirisha letu. "Wako ndani wangapi?" akauliza.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu nyumba ilipofaa kuingiwa. Hakuna aliyedhurika, ila shemeji amekohoa mpaka adhuhuri na kwenda kulala bila kusaidia kitu kingine, jambo ambalo limefanya mchana uwe mtulivu. Pipa limekuwa la kahawia iliyokoza.

Ijumaa

Mama fua amepigiwa simu. Nimepiga mimi, nikiwa nyuma ya tangi.

Jumamosi

Amefika saa moja kasoro. Hakuingia moja kwa moja. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akamtazama Mama Watoto, akaitazama mashine.

"Mlinifukuza mkaleta huyu," akasema. "Na huyu naye anataka kufuliwa."

Mama Watoto akamkaribisha chai. Wamekunywa polepole, wakizungumza habari za watoto na bei ya ndengu, na habari ya simu ambayo haikupigwa haikutajwa na yeyote. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo. Hayakuhitajika.

Baada ya chai akaomba ndoo kubwa, maji ya bombani na magadi. Magadi tunayo, yale ya kulainishia isyo, mahindi na maharagwe yetu. Amesaga kipande kwa jiwe, akakoroga kwenye maji, akafunika kwa kipande cha bati, akasema maji hayo yasiguswe mpaka kesho. Kisha akachukua mswaki mzee na sabuni ya kipande, akapiga magoti mbele ya mashine, akaufunua ule mpira wa mlango sehemu kwa sehemu na kuisugua kuvu yake duara zima. Kwenye mkunjo wa chini, ambako maji hutuama, alitumia kona ya kitambaa aliyoizungusha kwenye kidole kidogo. Alitoa humo soksi ya mtoto, ganda la njugu na kifungo cha shati langu nililokuwa nikilivaa likiwa wazi kifuani tangu Agosti. Droo ya sabuni aliichomoa yote. Hakuna mtu aliyejua kwamba inachomoka.

Jumapili

Mama fua hafanyi kazi Jumapili, lakini amepitia akitoka kanisani kuangalia ndoo yake. Chini ya ndoo kulikuwa na tope la rangi ya uji wa wimbi, na juu maji yametakata. Ameyamimina kwa utulivu kwenye karai bila kutikisa lile tope, akatia sabuni kidogo, na povu likapanda. Ni maji yaleyale ya kisima ambayo kwa kawaida hula sabuni nusu kipande kabla ya kutoa povu la kujaza kijiko.

Nimesimama pale kwa muda. Magadi yana kaboneti ya sodiamu. Inaikamata kalsiamu kabla haijafika kwenye mashine, inaizamisha kuwa chokaa kule chini ya ndoo. Na kwa kuwa maji yamekuwa ya alkali na yamepata hewa usiku kucha, chuma nacho kinaganda na kuzama. Tatizo lote la Jumatatu ile ya kwanza lilikuwa limelala chini ya ndoo, unene wa ukucha. Mvumbuzi hakuhitajika. Magadi yanachimbwa kule ziwani Magadi, kampuni ya kuyachimba iliundwa 1911, na reli yake inaungana na ile kubwa pale Konza, mlango wa Ukambani. Yamekuwa yakitupitia hapa zaidi ya miaka 100, na sisi tukiyatia kwenye maharagwe.

Nilimwandikia mlinganyo wake nyuma ya ile risiti ya sitriki, na alama ya mshale wa kushuka kuonyesha kinachozama. Nilimweleza kwamba anachofanya kinaitwa kulainisha maji kwa kuzamisha.

"Sawa, Mwalimu," akasema. Jioni nimekuta risiti imetumika kuwashia jiko.

Jumatano

Utaratibu mpya. Mama fua anakuja Jumatano na Jumamosi. Anaandaa maji ya magadi, anamimina ya juu kwenye mashine kupitia droo, mashine inafua, naye anakaa kwenye kigoda akiisikiliza. Kola, vikwapa na shuka za shemeji anazifua kwa mkono kwanza, maana mashine, anasema, haioni. Mama Watoto anamlipa kama zamani, na nyongeza ya kumsimamia huyu.

Nimeuliza sasa mashine inatusaidia nini hasa. Swali halikuingizwa kwenye kumbukumbu.

Ijumaa, usiku

Mawingu yamekaa juu ya Iveti tangu mchana. Saa mbili usiku mvua ya vuli imefika. Mwaitu ametoka nje na kusimama ndani yake kidogo, kisha akarudi kuhesabu mbegu.

Nimeagiza kwamba maji ya kwanza kutoka kwenye mabati yasiingizwe kwenye tangi, yaachwe yamwagike, kwa sababu yanaosha vumbi la miezi, vinyesi vya ndege na kutu ya bati kuukuu. Shemeji alikuwa ameshageuza mfereji kabla ya tone la kwanza, ili kusaidia. Maji ya tangi ni mekundu.

Jumatatu

Tangi limemwagwa, limeoshwa, limejaa tena. Sasa tuna maji ya mvua, safi, hayana kalsiamu wala chuma. Nimewatangazia kwamba hatuhitaji magadi wala siki, na kwamba kuanzia leo sabuni ipunguzwe. Kikombe tulichokuwa tukipimia kilikuwa kipimo cha maji ya chumvi. Kwa maji ya mvua, robo yake inatosha na kubaki. Nimesema hayo asubuhi. Mchana nimekwenda mjini kumchukua Mwaitu kliniki.

Tumekuta povu limetoka kwenye droo ya sabuni, limeshuka mbele ya mashine, limevuka korido na kuingia sebuleni mpaka kwenye miguu ya kabati la vyombo. Shemeji alikuwa amesimama juu ya kochi. Alisema ameweka kikombe kimoja cha kawaida na kingine kwa sababu mashine ilikuwa imepona.

Mwaitu, ambaye leo amepewa miwani mipya, ameangalia sakafu yote kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Akavua viatu, akachukua tambara, akapiga deki sebule nzima na korido. Alipomaliza ameniuliza kama mashine inaweza kutoa povu lingine la varanda.